Tochi za Mkurugenzi

Siku Sosthenes alipogundua utajiri wake umelala wapi, alikuwa amesimama ndani ya duka la vifaa vya ujenzi la Asukile, pale Iyunga, Mbeya, akijikinga mvua. Hakuwa na nia ya kununua hata msumari. Mbele yake mafundi wawili, watu wazima wenye wake na wakwe, walikuwa wanavutana kofia. Haikuwa kofia ya maana. Ilikuwa kofia ya bure kutoka kampuni moja ya rangi, na maandishi yake yalishaanza kubanduka kabla haijavaliwa. Walivutana mpaka ikachanika, na kila mmoja akaondoka na kipande chake, roho kwatu kwamba mwenzake naye hakuipata nzima.

Mtu mwingine angewacheka mafundi. Sosthenes alimtazama Asukile.

Huyu Asukile alikuwa mtu wa kupima misumari kwenye mizani, akiona mmoja umezidi anaurudisha kwenye ndoo. Mteja akiomba maji ya kunywa alielekezwa bombani, kwa jirani. Lakini sasa alikuwa anavisindikiza kwa macho vile vipande vya kofia vilivyokuwa vikienda zao mvuani na jina la kampuni ya watu, na uso wake ulikuwa na wivu mtupu: wivu wa mtu anayetamani jina lake litembee mjini juu ya vichwa vya wengine.

"Huyu," Sosthenes alijisemea moyoni, "analilia kuliwa."

Sosthenes alikuwa na sura ya mtu wa kuaminika, kipaji ambacho Mungu hukigawa bila kuuliza kitatumikaje. Shati lake lilikuwa jeupe, viatu vyake viling'aa hata msimu wa tope, na sauti yake ilikuwa ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Alishauza viwanja vya watu, na alishauza miche ya parachichi ambayo mpaka leo haijaamua iwe mti gani. Kazi halali hakuwahi kuifanya, na hakuona kama imempungukia kitu.

Wiki iliyofuata alirudi Iyunga akiwa Mkurugenzi Joachim wa Kampuni ya Zawadi Bora, na mkoba wa ngozi mkononi. Akaufungua juu ya kaunta taratibu, kama padri anayefungua sanduku la sakramenti. Ndani, juu ya kitambaa chekundu, vililala futi ya chuma, bisibisi na tochi ndogo, na kwenye kila kimoja, kwa herufi za dhahabu: ASUKILE VIFAA VYA UJENZI.

Asukile akasahau kupumua.

"Mkuu wangu," Sosthenes alianza, "kalenda ukimpa mteja, mwaka ukiisha anafungia vitumbua. Kalamu inaibwa siku hiyohiyo. Lakini mpe fundi futi! Fundi anaamka nayo, anashinda nayo, akipima mlango wa mtu anasoma jina lako. Akipima dirisha, jina lako. Huyo mteja atakwenda kununua saruji kwa nani tena?"

"Kwangu," Asukile alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe mwenyewe umesema."

"Sasa, mkurugenzi, haya maandishi hayawezi kuwa makubwa zaidi?"

"Yatakuwa makubwa, mkuu. Tatizo ni wengi wanaotaka. Kiwanda kinatanguliza aliyetoa advansi."

Mtu aliyekuwa akirudisha msumari mmoja kwenye ndoo alitoa advansi bila kuomba risiti. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba jirani yake mwenye duka la mabati asipate za kwake mapema. Sosthenes akamhakikishia. Kisha akatoka, akaingia kwa jirani mwenye mabati.

Alipita Mbeya yote namna hiyo, Mwanjelwa mpaka Uyole, na sampo ya kuwaonyesha wateja ilikuwa ileile moja. Kila alipotoka dukani aliyafuta maandishi ya dhahabu kwa petroli, akampa mchoraji wa mabango aandike jina la duka la mbele. Hakuna aliyemuuliza kiwanda kiko wapi. Waliuliza juu ya ukubwa wa herufi, na wawili walitaka na picha zao ziwekwe. Siku ya kuleta mzigo ilipokaribia, Mkurugenzi Joachim alitupa laini yake ya simu kwenye mtaro, akapanda basi la Iringa na kibunda chake kifuani. Alilala njia nzima kama mtoto aliyeshiba.

Iringa baridi ilimpokea vizuri, na katika mtaa wa Mlandege akamkuta Leokadia.

Leokadia alikuwa mjane mnene, mpole wa kutazama, aliyekaa nyuma ya kaunta ya duka lake akifuma sweta. Sosthenes alimsalimia kwa Kihehe cha kuokoteza, "Kamwene, mama," naye akaitika akamkaribisha stuli. Akaisikiliza hotuba ya futi mwanzo mpaka mwisho, vidole vikifuma. Alipopewa sampo aishike, aliigeuzageuza, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kwa muda.

"Nzuri," alisema. "Ngoja niwaze, baba. Mwanamke peke yangu siamui haraka. Uje tena kesho."

Kesho yake Sosthenes alikuwa hajamaliza kukaa kwenye stuli alipoingia mwanamume mmoja mwenye buti za mpira zilizojaa vumbi jekundu, miwani ya jua na saa kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai.

"Mna tochi za kichwani?" aliuliza kwa nguvu. "Mimi naitwa Obeid, natoka Chunya, nina mashimo ya dhahabu. Sikukuu inakuja, nataka kila mchimbaji wangu apate zawadi, na wanaoniletea mawe pia. Sitaki fulana. Fulana haimulikii mtu shimoni."

Sosthenes alisimama kabla akili yake haijampa ruhusa. "Umefika penyewe, bosi. Mimi ndiye Zawadi Bora."

Obeid alimshika mkono akamvuta nje, mbali na masikio ya yule mama, akamtajia bei. Ilikuwa bei ya mtu asiyejua tochi zinauzwaje, au anayejua na hajali. Sosthenes alikohoa ili asicheke.

"Ila masharti," Obeid alisema. "Nimeshaibiwa na matapeli wa zawadi, wanachukua advansi wanapotea. Sitoi hata senti mpaka nione mzigo. Na kila tochi iwe na stika yenye picha yako, jina na namba ya simu. Wachimbaji wangu wakipata shida wajue wanampigia nani."

Hapo kidogo Sosthenes alisita. Mtu wa kazi yake huitunza sura yake kama bibi anavyotunza meno yaliyobaki. Lakini Chunya ni porini, alijiambia, na wachimbaji wako chini ya ardhi. Nani atamwona huko?

Aliporudi dukani, Leokadia aliinua macho kwenye sweta. "Nimemsikia kataja tochi za kichwani. Mimi ninazo, baba, stoo imejaa. Marehemu mume wangu aliziagiza, mimi sijui hata zinauzwaje. Ukizichukua zote nitashukuru tu."

Akataja bei yake. Ilikuwa ndogo mno kuliko ya Obeid kiasi kwamba Sosthenes alimwonea huruma, huruma ileile anayoona mchinjaji kwa kuku mnene. Akajaribu mbili tatu palepale, zikawaka vizuri. Akatoa kibunda chote cha Mbeya akakiweka juu ya kaunta. Leokadia akamsimamisha mgongo ukutani, akampiga picha mwenyewe kwa simu.

"Cheka kidogo, Mkurugenzi. Hivyohivyo. Umependeza."

Stika zilitengenezwa mjini Iringa kwa siku chache tu, na zilitoka safi kweli. Sosthenes alionekana anatabasamu chini ya maneno MKURUGENZI JOACHIM, ZAWADI BORA, TUKO NAWE DAIMA, na namba yake mpya chini. Tochi zikabandikwa dukani kwa Leokadia, maboksi yakapelekwa gesti yalikojaza chumba mpaka mlangoni. Sosthenes akampigia Obeid. Simu haikupatikana. Akapiga tena jioni, akapiga asubuhi, akapiga siku kadhaa, mpaka ile sauti ya mtambo akaanza kuichukia kama mtu anayemfahamu.

Mwisho alichukua boksi moja akalipeleka kwa muuza vifaa vya umeme kule Miyomboni, angalau aokoe kidogo. Muuzaji alichukua tochi moja, akaitikisa sikioni, akaanza kucheka.

"Hizi si za Leokadia? Amekuuzia na wewe? Zinawaka siku mbili, waya wa ndani unachomoka, basi. Wateja walimrudishia zote."

Sosthenes alikwenda Mlandege karibu anakimbia. Dukani hakukuwa na mtu, akapita uani. Leokadia alikuwa amekaa mkekani, na mbele yake, bila miwani wala saa, Obeid alikuwa anamega ugali.

"Karibu, Mkurugenzi," Obeid alisema. "Nawa mikono."

"Huyu... huyu ni..."

"Shemeji yangu," Leokadia alisema. "Mdogo wa marehemu. Anaendesha lori la mbao toka Mafinga. Chunya hajawahi kufika, lile vumbi tulisaga tofali."

"Mmeniibia! Nakwenda polisi!"

"Twende wote, baba, kituo kiko hapo tu." Leokadia alikuwa ameshaanza kuinuka na kutafuta kandambili. "Mimi nitaeleza nilivyokuuzia tochi ulizozijaribu kwa mkono wako. Wewe utaeleza hela ulikozitoa. Ile futi yako niliitazama kwenye mwanga. Jina langu juu, chini yake sijui nani na nani, na chini kabisa nikasoma Asukile. Petroli haifuti kila kitu."

Sosthenes alirudi hatua moja kuelekea mlangoni.

"Nikamwonea huruma huyo Asukile," Leokadia aliendelea. "Basi shemeji alipokwenda Mbeya na mzigo wa mbao akaulizia duka lake, akamwachia tochi zako chache tulizozibakiza hapa. Na njiani akawagawia watu, wapagazi wa stendi, madereva. Zawadi tu. Si ulisema kitu cha kazi ndicho kinachomtangaza mtu?"

Kabla hajajibu, simu yake iliita mfukoni. Akapokea kwa mazoea.

"Mkurugenzi Joachim?" ilikuwa sauti ya Asukile, tamu, taratibu. "Ndaga fijo, asante sana kwa tochi. Picha yako imetoka vizuri sana. Uko Iringa gesti gani?"

Sosthenes alikata simu. Haikusaidia. Iringa si mji wa kumficha mtu ambaye uso wake uko kwenye vichwa vya wapagazi. Kesho yake mchana, akiwa anafunga begi, mlango ulisukumwa wakaingia Asukile, yule jirani wa mabati na wafanyabiashara wengine wa Mbeya, wote wamechangia gari moja na wote wamenuna. Sosthenes aliziba uso akisubiri kofi.

Kofi halikuja. Alipofungua vidole aliwaona wanatazama maboksi.

"Hizi zote ni tochi?" jirani wa mabati aliuliza.

"Nimetangulia kuziona mimi," Asukile alisema.

"Umetangulia kwa gari la mafuta ya nani?"

Wakaanza. Mmoja alikalia maboksi mawili, mwingine akavuta la chini yakamporomokea, na Asukile, mtu mzima, aliuma mkono wa mtu. Sosthenes angeweza kuwaambia habari za waya. Aliwatazama wakivutana namna ile, akaona hawakustahili. Wakapakia kila kitu mpaka boksi tupu, wakamtukana mlangoni kwa haraka ya watu wanaoogopa kupungukiwa, wakaondoka wamefurahi, kila mmoja akijiona amempunja mwenzake.

Alibaki na begi, nauli na viatu vyake vinavyong'aa. Si haba. Alikwenda stendi akiwaza Dodoma, mji mkubwa, watu wapya, na alikuwa ameshakanyaga ngazi ya basi mpagazi mmoja alipomshika bega. Mpagazi alikuwa na tochi kichwani, mchana kweupe. Aliivua, akaisoma stika, akamtazama, akaisoma tena.

"We baba! Si ndiye wewe huyu? Yangu imezima."

"Umenifananisha, kijana."

"Nimekufananisha na wewe mwenyewe?" Akapaza sauti. "Jamani, mwenye tochi kafika!"

Wakaja: wapagazi, dereva wa lori, mama muuza viazi na yake shingoni. Hawakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Sosthenes, maana mwenye hasira unaweza kumkimbia. Hawa walikuwa wateja.

"Nilikupigia simu hupokei," mama wa viazi alilalamika. "Na hapa umeandika uko nasi daima."

Basi la Dodoma lilipiga honi likaanza kurudi nyuma. Sosthenes alilitazama, akataka kulifuata, lakini begi lake lilikuwa mikononi mwa mpagazi, na mpagazi hakuwa na dalili ya kuliachia. Basi likakata kona, likaenda. Mtu mmoja akamletea kreti la soda akae. Tochi zikaanza kurundikwa mapajani mwake, na kutoka kila moja Mkurugenzi Joachim alikuwa anamtabasamia. Alijaribu kuibandua stika moja kwa kucha. Haikubanduka.

"Haya," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo haikufanana tena na ya mzee yeyote wa kanisa. "Nani ana bisibisi?"