Kiongozi Hukaa Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti

Wiki ya tatu barabarani. Makalio hayasemeki. Wastaafu tisa wa idara ya maji, kila mmoja na baiskeli yake, kutoka mpaka wa huku hadi mpaka wa kule. Wazo lilikuwa langu! Kura zikapigwa, uongozi akapewa Dereva. Dereva wangu mimi! Miaka yote ya kazi nilikaa kiti cha nyuma, yeye mbele na usukani wake. Sasa kwa utaratibu wetu kiongozi huendesha wa mwisho, kizibao cha njano mwilini, awakusanye waliochoka na walioharibikiwa. Kwa hiyo bwana mkubwa wa nyuma ni yeye. Anautazama mgongo wangu kutwa nzima. Leo kaniambia nilegeze mabega.

Tatizo ni binti yangu. Anafanya kazi maabara ya hospitali, katika mji tunakomalizia. Hatujaonana tangu tumzike mama yake. Yeye hapigi simu, nami sijui pa kuanzia. Juzi nilijikaza nikampigia, nikamwambia naongoza msafara. Uongo mdogo tu. Akacheka! Kicheko kile sijakisikia tangu msiba. Akasema Ijumaa mchana ataomba ruhusa kidogo, aje kunipokea kwenye uwanja tutakaoishia. Akauliza atanijuaje na helmeti zile. Nikamwambia amtazame wa mwisho, mwenye njano.

Basi lazima niwe wa mwisho.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango: kwenda polepole mpaka Dereva achoke, anipite. Nimesimama kufunga kamba za viatu. Naye kasimama. Nimeingia kichakani kujisaidia. Kasimama, kanipa mgongo kwa heshima. Mlimani nimeshuka nikakokota baiskeli. Kashuka, kakokota. Mwishowe tukabaki tumesimama barabarani, wazee wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake. Akauliza kama nasikia kizunguzungu. Nikamjibu natazama mandhari. Mbele yetu palikuwa na ghala la saruji.

Tumefika wenzetu wamekwisha kula. Mhasibu, mama asiyejua kufunga mdomo, akawatangazia wote kwamba bwana harusi na mpambe wake wamewasili. Haraka haraka haina baraka, sawa. Lakini hata polepole leo sikuiona baraka yake.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Nimempigia Dereva kelele kwamba Mhasibu ameanguka huko mbele, watu wamemzunguka. Kachomoka kama mshale, na umri ule! Hatimaye nyuma yangu hakuna mtu. Raha iliyoje! Nikakaa wima. Nikawapungia mbuzi mkono.

Kisha mnyororo ukachomoka. Hapo nikaugundua upungufu wa cheo hiki: wa mwisho hana wa kumwokota. Nikajikunyata kwenye kibanda cha kungojea basi, soksi zimejaa maji, nikimwaza marehemu mke wangu. Angenicheka kwanza, halafu angenipa taulo. Upweke ulinibana hasa.

Dereva akarudi, amelowa chepechepe, anatetemeka. Mhasibu hakuanguka popote. Hakunigombeza. Alitengeneza mnyororo, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba njia nzima alikuwa akiwaza atamwambia nini mume wa yule mama. Aibu ilinishika mpaka chai ilipoletwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Hila zimeniishia. Nimemwomba Dereva waziwazi aniachie kizibao kesho, binti yangu anakuja. Kakivua hapo hapo! Kasema ningemwambia mapema. Nimeudhika. Juma zima nahangaika, kumbe ni kuomba tu! Kanipa sharti moja, nisimwache mtu nyuma. Amelala mapema, anakohoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimenyoa ndevu. Nimevaa njano. Dereva ana homa. Nani alimwambia arudi kwenye mvua ile? Kila kilima anashuka, kila kivuli anaketi. Wenzetu wakatangulia, wakapotea machoni. Akanisihi niende, binti ananingoja, yeye atakuja mdogo mdogo, barabara ni kazi yake ya maisha yote. Nikakataa. Nikimpita, wa mwisho si mimi tena! Nikamwambia kiongozi hamwachi mtu. Machozi yakamtoka. Akasema miaka yote ofisini watu hawakunijua. Nikashindwa kumtazama. Nikamwambia tuendelee.

Tumefika uwanja mtupu, wamebaki wenzetu tu na mfagiaji. Mhasibu kasema binti alikuja. Alisimama juani ruhusa yake yote, chupa ya maji mkononi, akimtazama kila anayeingia. Kisha akarudi kazini. Chupa kaniachia. Maji yameshapata moto. Wenzangu wakanipigia makofi kwa kutomtupa mgonjwa, nami nikainama kuyapokea. Baadaye nimeyanywa yale maji yote, nikalia kidogo chooni.

Jumamosi, 9 Agosti

Binti kapiga simu mwenyewe! Hana hasira. Kasema niende kwake tu, jengo la pili baada ya duka la dawa, chai iko mezani, na ana mengi ya kuniambia kuhusu mama yake. Mchana anaingia kazini.

Kwa miguu ni hapo tu. Lakini niende peke yangu? Mtu mmoja atakuwa wa mwisho nyuma ya nani? Nimemwambia angoje dirishani. Msafara mzima utapita chini ya nyumba yake, nami nyuma kabisa. Akasema haya, Baba. Dereva bado hawezi kusimama, ila kasema akipata nafuu atajaribu. Mhasibu kanitazama kwa muda mrefu bila utani, kaniambia niende kwa mwanangu. Hajui utaratibu.

Kizibao nimekifua, kiko kwenye kamba. Mawingu yametanda. Kikikauka tutatoka. Sina haraka.