Kambakoche Kibeti wa Eleuterio

Jumatatu, 7 Oktoba
Balaa gatini! Afisa uvuvi, Bwana Urrutia, kakuta kambakoche mdogo ndani ya ndoo yangu. Kaweka kipimo mgongoni: hafiki. Kasema nimevua mtoto, leseni yangu italala kabatini kwake msimu mzima. Nikasema huyu si mtoto, ni mtu mzima wa aina ya vibeti, bado haijulikani. Sheria haimtaji! Shemeji yangu Nibaldo kacheka mpaka kakalia chambo. Urrutia, mishipa imemtoka, kaamua tumsubiri Dakta Maturana, mtaalamu wa kambakoche, aje na ndege ya Ijumaa. Kibeti akae kwangu, kwenye beseni letu la kuogea.

Jumanne, 8 Oktoba
Mke wangu Rosalba kauliza yeye ataogea wapi. Nikasema sayansi haitaki haraka. Kanijibu basi nikalale na sayansi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Dakta kafika. Mpole, lakini macho yake! Katazama pembe mbili juu ya macho, kapapasa vigamba vya mkia. Kasema ni kambakoche wetu huyuhuyu wa kisiwani, tena kinda. Bahati yangu, kaongeza kwamba wengi wa bahari za joto hulia kwa kusugua mashina ya papasi zao, zile sharubu ndefu. Wetu wa kusini ni bubu. Nikaruka: wangu analia kila asubuhi!

Jumamosi, 12 Oktoba
Dakta kaja kusikiliza. Nikasugua buti la mpira kwenye beseni. Kwiii!
"Bwana Eleuterio," kasema, "mbona sauti inatoka mguuni kwako?"
Nibaldo, ambaye hakualikwa, kapiga makofi. Nikashikilia: hata akiwa bubu, ni mtu mzima, hakui tena. Dakta kasema haya, tungoje.

Jumanne, 15 Oktoba
Beseni lina wawili! Kazaa! Nikakimbia kumwita Urrutia, nikamwita na jirani, nikamwita na padri. Dakta kamwinua wa kwanza: gamba tupu. Wa pili laini, mkubwa kuliko juzi. Msaliti kajivua gamba, kakua mbele ya mashahidi! Urrutia kapima tena. Bado hafiki. Hata kukua hajui! Karudishwa baharini. Dakta kaniombea, leseni nimenyang'anywa wiki mbili tu.

Ijumaa, 1 Novemba
Leseni mkononi. Nimevua jike la maana, kipimo kimetosha na kuzidi. Chini ya mkia, mayai tele. Nibaldo kasema, "Mrudishe, shemeji, wenye mayai hawavuliwi." Mtu hana elimu huyu! Hayo si mayai, ni upele. Nimemwambia Urrutia aagize daktari wa ngozi.