Kiti cha Chuma na Mama Mkwe

Jumatatu, 13 Oktoba 1958. Voi.

Leo nimeona kiti! Naandika kabla moyo haujatulia. Mashine mbili za kupandia mahindi zimeshushwa kwenye garimoshi na kuwekwa nje ya duka la vyuma, na chama chetu cha wakulima kitanunua moja kwa ajili ya shamba jipya la tambarare, upande wa Ndara. Moja ni ya kijani. Hupanda mstari mmoja tu, na unatembea nyuma yake umeishika mikono kama rukwama. Nyingine ni nyekundu, ya kuvutwa na maksai. Mistari mitatu! Mbele meno ya kuchimbua udongo, katikati sanduku la mbegu, na juu yake kiti cha chuma chenye matundu, kimepinda kufuata makalio ya binadamu. Nikakikalia. Mwenye duka akaniomba nishuke. Nikashuka, nikazunguka, nikakikalia tena.

Kamati itachagua mashine, kisha itachagua dereva wake. Dereva! Maisha yangu yote nimetembea nyuma ya maksai nikitazama mikia. Nakitaka kile kiti kuliko ninavyoitaka mbingu, Mungu anisamehe.

Mwandawiro, mwenzangu wa chama, Mtaita wa Mwanda, anataka ya kijani. Anasema kwao milimani mtu huketi kazi ikiisha. Huo ni wivu.

Jumatano, 15 Oktoba.

Pigo kubwa. Wanawake wa chama wamemchagua mjumbe wao wa kamati. Syombua. Mama mkwe wangu!

Sisi Wakamba tuna heshima zetu. Mwanamume hakutani na mama mkwe uso kwa uso, wala hasemi naye. Akimwona njiani huingia kichakani mpaka mama apite. Tangu nioe nimeingia vichaka vyote vya Voi, na miiba yake naijua mmoja mmoja. Sasa nitaombaje kura kwa mtu nisiyeweza hata kumsalimia?

Mke wangu Jedidah anasema dawa ipo na naijua. Nimpelekee mama yake blanketi na yule beberu wangu mnene, tule pamoja, heshima ilegezwe, tusalimiane kama watu wengine. Nikamweleza kwamba beberu yule amewekwa kwa sherehe ya udereva wangu. Akauliza udereva upi. Nikatoka kwenda kumtazama beberu.

Jumamosi, 18 Oktoba.

Kikao cha kamati kwenye ukumbi wa kanisa. Nikaitwa niitetee mashine nyekundu. Mama mkwe yuko safu ya mbele! Lakini akili yangu hainiangushi. Nikafungua mwavuli ndani ya ukumbi, nikaukinga usoni, nikahutubia kile kitambaa cheusi juu ya faida za mistari mitatu. Nilisema vizuri sana. Mwishoni nikachungulia kidogo nione kama wameguswa. Kumbe nilikuwa nimegeuka polepole bila kujua, na maneno yangu yote matamu nimeyamwagia ukuta.

Mwandawiro akauliza kama mashine hiyo huuzwa pamoja na mwavuli wake. Walicheka hadi mzee mmoja akatolewa nje kupepewa. Hata Jedidah alicheka, nilimsikia, nakijua kicheko chake.

Uamuzi: majaribio Jumanne. Mwandawiro na ya kijani, mimi na nyekundu, kila mmoja nusu shamba.

Jumapili, 19 Oktoba.

Sikusikia neno la mahubiri, nilikuwa napanga. Sasa mpango umekamilika, na ni mzuri mno.

Kwanza, maksai wangu, Kapteni na Sajini. Kuanzia kesho mchana hawapati maji. Maksai mwenye kiu hutembea upesi, na birika la maji liko upande wa pili wa uwanja wa mpira unaopakana na shamba, sawasawa na mistari yake. Watanyooka wenyewe. Jedidah akauliza nani atawasimamisha. Mimi, nikasema, nikiwa juu ya kiti.

Pili, mama mkwe. Nimemwagiza Jedidah ahakikishe mama yake anasimama nyuma ya mashine wakati wote. Nyuma, nyuma, nyuma. Ameahidi. Leo nimelala mchana, nikaota nimevaa kofia.

Jumanne, 21 Oktoba.

Nilipanda kitini watu wote wakitazama. Nikavuta wenzo wa kufungulia sanduku, mbegu zikaanza kuteremka. Raha iliyoje! Mama mkwe nyuma kabisa, kama tulivyopatana. Nilimpita Mwandawiro akisukuma na kuhema, nikamvulia kofia.

Nikafika mwisho wa shamba. Nikageuza.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mtu yeyote angeweza kuniambia mapema. Ukigeuza mashine, aliyekuwa nyuma yuko mbele. Syombua alikuwa amesimama palepale alipowekwa, amejishika kiuno, ananitazama. Na Kapteni na Sajini walikuwa wamesikia harufu ya maji.

Mwanamume mwenye adabu hana la kufanya. Niliruka. Kichaka kilikuwa cha miiba. Nikiwa humo nilisikia magurudumu yakipita, mama mkwe akisogea kando bila haraka, kisha kelele za watu zikielekea uwanja wa mpira. Nilipotoa kichwa, mashine ilikuwa inapita katikati ya magoli bila mtu, meno ardhini, sanduku wazi, inapanda.

Waliipata birikani. Maksai walikuwa wanakunywa kwa utulivu.

Jumatano, 22 Oktoba.

Mvua imenyesha! Kubwa, ya radi. Nimebaki ndani na miiba yangu. Opiyo wa reli, jirani yangu na nahodha wa timu, alikuja kuuliza kama ni kweli nimelima uwanja wake. Nikamwambia sikuwepo. Ni kweli kabisa, nilikuwa kichakani.

Kamati imesema itaamua mbegu zikiota. Mwandawiro anapita mbele ya mlango wangu akipiga mluzi.

Jumamosi, 8 Novemba.

Siku ya furaha na ya msiba. Kamati imekagua mahindi. Ya Mwandawiro ni mazuri, lakini mvua ilimkuta hajafika hata robo ya sehemu yake. Kisha wakaenda uwanjani. Mistari mitatu, kutoka goli hadi goli, imenyooka kama reli, kila mche na nafasi yake! Opiyo mwenyewe amekataa ising'olewe. Anasema timu itacheza kwa upana mpaka mavuno.

Mama mkwe akapima kina kwa kidole, akasimama. "Kama inapanda hivi bila mtu," akasema, "ikipata mtu itafanya nini?"

Mashine nyekundu imeshinda! Nililia chini ya mwavuli. Kisha wakauliza nani awe dereva. Nikakohoa. Mwandawiro, mwenye roho ya nyoka, akamtaja Syombua, na mikono yote ikapanda juu.

"Mwambieni mwenye mwavuli," akasema mama mkwe, "kiti nimekipenda."

Jumatatu, 10 Novemba.

Shamba lililobaki limeanza kupandwa. Nimetazama kutoka kichakani. Mama mkwe ameketi wima, kitambaa cheupe kichwani, na wanawake wanamfuata kwa vigelegele mstari hadi mstari. Sitasema uongo katika shajara yangu mwenyewe. Ilipendeza, na nilijikuta napiga makofi huku nimejificha.

Jedidah aliniletea chai humo kichakani. Akasema mama yake huchoka adhuhuri. Angependa mkwewe awe anamalizia kila alasiri, kitini, lakini hawezi kumkabidhi hatamu mtu asiyeweza kumsalimia. Beberu mmoja tu na blanketi, akasema, na leo hii jioni uko juu ya kile kiti.

Nilifikiri kwa makini. Nikamwambia haiwezekani. Maana asubuhi nimepita dukani, na imeletwa mashine ya kupukuchua mahindi. Ina gurudumu la kuzungushwa kwa mkono na stuli ndogo pembeni, nimeikalia mara mbili. Kamati itaitazama Ijumaa, na mimi nimeomba kuitetea. Beberu ni wa sherehe hiyo. Nimeshaazima mwavuli mkubwa zaidi.