Yule Mwanamke ni Nani kwa Inspekta?

Jumanne, 3 Agosti 1976. Kasulu.

Nimechoka. Vumbi la mwezi huu limeingia hadi ndani ya redio zilizofungwa, sembuse kifuani mwangu. Tangu asubuhi nimetengeneza redio moja tu, na mwenyewe kaja kuichukua akasema ilikuwa inalia vizuri zaidi ilipokuwa mbovu.

Habari kubwa: gari la sinema limefika! Limefika likiburutwa, springi zimekatika. Mwenye mashine anaitwa Stanislaus, mtu wa serikali, mnene, anasinzia hata akiwa amesimama. Atangoja springi kutoka Kigoma, labda wiki nzima. Picha ya hadithi aliyonayo ni moja: ya inspekta, mwanamke, na mhalifu mwenye kovu. Ni ya Kiingereza, na mfasiri wake amelazwa Kigoma kwa malaria.

Nikaona hii ndiyo nafasi yangu: usiku huu nitatafsiri mimi.

Sababu ni Adija. Nilipeleka posa kwao tangu Machi. Baba yake, Mzee Gharibu mwenye duka la khanga na mafuta ya taa, ameahidi kujibu kabla ya Ramadhani, na Ramadhani imebaki wiki tatu. Najua kinachomkwaza. Anasema fundi redio ni mtu asiye na uzito. Sasa, akiniona nimesimama mbele ya Kasulu nzima na kipaza sauti mkononi, uzito si utaonekana wenyewe?

Matatizo mawili. Kwanza, Kiingereza changu ni kile kilichoandikwa nyuma ya redio. Pili, Mwalimu Melkiadi anakijua kweli. Yote nimeyamaliza kwa koleo. Nimemwambia Stanislaus spika yake inakoroma, nikachomoa waya wa sauti ya picha, nikaacha wa kipaza sauti peke yake. Melkiadi atasikia nitakachosema mimi.

Mzee Gharibu anasema sinema ni ufuska. Nimemhakikishia hii ni ya adabu tupu: inspekta na dada yake wanamtafuta aliyemuua baba yao. Picha sijaiona. Lakini mwanamke aliyebandikwa kwenye kopo la mkanda ana sura ya dada wa mtu.

Jumatano, 4 Agosti.

Sitaki kuandika. Naandika.

Jana uwanja wa mpira ulijaa. Walikuja watu hata kutoka Kitanga, na viti vyao vichwani. Mzee Gharibu alikuja na mkeka, mkewe, na Adija. Ikaonyeshwa kwanza picha ya kuchimba choo, ambayo haikuhitaji mfasiri. Kisha inspekta.

Mkanda wa kwanza ulikwenda vizuri mno. Mwanamke alilia, nikasema anamlilia marehemu baba yao. Inspekta akampa leso, nikasema ndivyo kaka anavyotakiwa kuwa. Mzee Gharibu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimwona! Mama Adija akajifuta machozi. Nikaanza kufikiria nitaweka wapi kitanda.

Mkanda wa pili, inspekta kamshika mwanamke mabega, kamvuta, kambusu. Mdomoni. Tena hakuwa na haraka.

Nikasema ameingiwa na mdudu jichoni, kaka yake anampuliza. Wakaendelea. Nikasema mdudu ni mkubwa. Wakaendelea. Nikaishiwa wadudu.

Mzee Gharibu akasimama, akakunja mkeka huku mkewe bado amekaa juu yake, wakaondoka. Adija alikuwa amejifunika uso kwa khanga, na khanga inatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka.

Alhamisi, 5 Agosti.

Leo hakuna aliyeleta redio. Wote wameleta ubishi. Benchi langu limegeuka baraza.

Niyonsaba, jirani yangu mkimbizi wa Burundi anayeshona viatu, amebisha tangu saa mbili. Anasema yule bibi kizee aliyempa inspekta chakula hawezi kuwa mama wa mwanamke. Inspekta alikaa naye chumba kimoja, akamtazama machoni, akatafuna mbele yake. Nani anamfanyia hivyo mabukwe? Mama mkwe gani anakubali? Basi bibi ni mama wa inspekta mwenyewe. Mwingine akasema hapana, bibi ni mama wa mhalifu, maana wana pua moja. Wakatoka hapo wakaanza kugombana kama kovu linarithiwa. Mwalimu Melkiadi akapita, akauliza kwa upole mno kwa nini sauti ya picha haikusikika. Nikamwambia vumbi.

Kisha akaja Tamimu. Huyu ni dereva wa lori, mtoto wa mdogo wake Mzee Gharibu, na kwa mzee anaingia bila hodi. Kadai aliiona picha hii Kigoma, na yule mwanamke ni hawara wa inspekta. Kasema kwa sauti, sokoni! Habari hiyo ikimfikia mzee, posa yangu imekufa. Nitakuwa nimeipeleka familia yake ikatazame hawara.

Tamimu mwenyewe simhofii. Mwaka juzi mzee alitaka Tamimu amwoe Adija, mkewe akakataa katakata. Mama Adija ni Muha wa Muyama, na kwao mtoto wa baba mdogo ni ndugu wa tumbo moja. Alibeba chungu chake akarudi kwao wiki tatu, mpaka mzee akaenda kuomba radhi. Huyo basi hayumo.

Lakini kumfikiria Tamimu kumenipa akili. Binamu! Inspekta na mwanamke ni watoto wa ndugu wawili, na wamechumbiana. Kwa mzee jambo hilo ni halali kabisa. Stanislaus anasema Jumamosi ataionyesha tena, maana springi hazijafika na hana kingine cha kuonyesha.

Ijumaa, 6 Agosti.

Nilimvizia Mzee Gharibu baada ya sala ya Ijumaa. Nikamwambia kosa ni langu, sikumaliza maelezo. Yule ni binti wa baba yake mdogo inspekta, posa imeshapokewa, na wazazi wanajua kila kitu. Uso wake ukafunguka. Akasema babu yake aliyetoka Bagamoyo alioa hivyohivyo, na kwamba hata hivyo wangengoja ndoa kwanza ndipo wabusiane. Nikakubali kwa niaba ya inspekta. Ameahidi kuja kesho.

Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe! Kufika sokoni habari imenitangulia. Niyonsaba ameshika kichwa. Anasema heri hawara. Hawara ni mtu baki, lakini binti wa baba mdogo ni dada yako, ukoo mmoja, damu moja! Wazee wawili kutoka Kitanga waliniuliza kama serikali inajua kilichomo ndani ya picha hiyo. Na Mama Adija ameapa haji.

Mwili wote unaniuma. Niliitaka familia moja tu iridhike, na sasa nina baba upande huu na mama upande ule. Bila mama hakuna posa, hilo Kasulu nzima inalijua. Lazima nimgeuze Mama Adija. Leo nimekaa na daftari tangu alasiri, naandika atakayoyasema inspekta.

Jumapili, 8 Agosti.

Mwenyezi Mungu, jana nilisema!

Mama Adija alikuja, ameburutwa na mumewe, amekaa amekipa mgongo kitambaa cha picha. Nikaanza taratibu. Nikasema inspekta na binti huyu wamekulia ua mmoja. Nikauliza kwenye kipaza sauti: mama akimwoza binti mbali, nani atamkanda mgongo uzeeni? Nani atajua binti anakula nini huko, anapigwa au hapigwi? Lakini huyu kijana tabia yake inajulikana tangu anatambaa. Wakati huo inspekta alikuwa anapanda ngazi tu, hana habari.

Nikaona Mama Adija amegeuza shingo. Kisha amegeuka mzima.

Mhalifu naye nilimpa kazi. Nikasema huyu mwenye kovu ni mposaji wa kutoka nje, mtu wa maneno matamu na shughuli isiyoeleweka, anayejipenyeza kwa wazazi wa watu kwa ujanja. Alipotumbukia korongoni na gari lake uwanja mzima ulisimama kushangilia. Wanawake wa Muyama walipiga vigelegele. Busu lilipofika, hakuna aliyeuliza habari za wadudu.

Mama Adija alilia kwa sauti. Mzee Gharibu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuniachia upesi. Hata Tamimu alinikumbatia, akasema hajawahi kusikia mtu akisema maneno ya kweli kama yale. Niyonsaba peke yake alinitazama kwa huruma. Wivu tu.

Sauti imenikauka. Nimelala mchana kutwa, na nina furaha.

Jumatatu, 9 Agosti.

Mzee Gharibu aliniita baada ya alasiri. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Nikakaribishwa ndani, si dukani. Chai ya tangawizi, chapati, na nyama. Nikasema moyoni, mtu hapewi nyama ili akataliwe.

Mzee akasema kwa miaka miwili nyumba yake haikuwa na amani kwa jambo moja tu, na mimi nimelimaliza kwa usiku mmoja. Mama Adija akasema nimemfungua macho, hasa pale kuhusu wageni wenye maneno matamu. Amekubali. Ndoa ni tarehe 20, kabla ya Ramadhani. Adija anaolewa na Tamimu.

Nilikuwa na chapati mdomoni. Nikaimeza ilivyo.

Wakaniomba nilete spika siku ya harusi, na niseme maneno mawili matatu. Adija akatoka na birika, akanijazia kikombe, akasema, “Ahsante, kaka Isihaka. Tusingefika bila wewe.” Kumbe walikuwa wanatakana siku zote! Na mimi nimekuwa kaka. Iliniuma. Naandika hapa maana hapa hakuna anayesoma: iliniuma sana, na nilimpenda.

Jumanne, 10 Agosti.

Sikufungua benchi. Nimelala natazama bati.

Jioni akaja Stanislaus. Springi zimefika. Nikamuuliza, kwa kuwa picha ameionyesha mara mia, yule mwanamke ni nani hasa kwa inspekta. Akapiga miayo, akasema ni mkewe. Mke wa ndoa, mwaka wa saba. Wanalisema mwanzo kabisa, kwa sauti, kabla hata inspekta hajavua kofia.

Mkewe! Ningeacha waya ule mahali pake, Melkiadi angetafsiri, mzee angekunja uso kidogo basi, na Mama Adija angebaki na msimamo wake wa Muyama.

Stanislaus akasema mfasiri wake bado mgonjwa, na Alhamisi anakwenda Kibondo. Akaniomba nifuatane naye. Nikakataa. Nimeapa: kuanzia leo jambo nitalisema lilivyo, na nisilolijua nitanyamaza. Uongo unachosha kuliko kubeba mizigo.

Alhamisi, 12 Agosti. Kibondo.

Nimekuja kwa ajili ya hewa tu. Njia nzima vumbi, mgongo hauna kazi tena, na tulipita Kitahana Stanislaus akiendesha huku anasinzia.

Karibu na tunaposimamisha gari pana nyumba yenye cherehani barazani. Mshonaji anaitwa Shamsia, mjane, hana mtoto. Ameniuliza picha ya leo ni ya nini, na alipouliza aliacha kushona. Anaishi na kaka yake, Hamis, mtu mkali mwenye ndevu nyingi, asiyependa sinema.

Nimekaa na Hamis nusu saa, kwa heshima kubwa. Nimemwambia asihofu, amlete dada yake na wakae mbele kabisa. Hii ni picha ya adabu tupu, ya inspekta na shangazi yake.