Daktari wa Matumbo ya Nguruwe

Mvua ndiyo iliyomwingiza Kalamu katika duka la vyakula vya mifugo; haja nyingine humo hakuwa nayo. Jina hilo alibandikwa mtaani kwa sababu ya kalamu alizozipanga kwenye mfuko wa shati, zote zimekauka wino. Akajifanya anasoma maandishi ya gunia la pumba huku masikio yakiwa kaunta, maana masikio yake hayakuwahi kwenda likizo.

Kaunta palikuwa na mstaafu mmoja mwenye tumbo la heshima, akimlalamikia muuzaji.

"Nikiwaachisha tu kunyonya, wanaanza kuhara. Kitoto cha nguruwe kinakonda mpaka unakionea haya."

"Unahitaji ile ya bakteria wazuri, mzee. Unachanganya kwenye chakula, wanakwenda kutuliza tumbo. Lakini imekwisha, na ikija itakuwa ghali."

"Bakteria wazuri? Wanafananaje?"

"Hawaonekani kwa macho."

Hapo Kalamu akasahau mvua. Maishani mwake alikuwa ameuza viwanja visivyokuwapo na safari zisizoondoka, na kila mara mteja msumbufu alitaka kwanza aione bidhaa. Sasa hii hapa bidhaa ambayo sifa yake ya kwanza ni kutoonekana! Tuwe waungwana: hata mimi na wewe tungesita kidogo kabla ya kukishinda kishawishi hicho. Kalamu hakusita.

Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake, mjane aliyefuga nguruwe nyuma ya nyumba, pembezoni mwa mji. Alimkuta amechuchumaa bandani, anawatazama watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya juzi. Mikia yao ilikuwa imelowa na mbavu zinahesabika.

"Uzao uliopita ulikwisha wote kwa kuhara," shangazi alisema. "Hawa nao wakiondoka, nafunga banda. Jirani anakitaka kiwanja aoshee magari. Nitakaa dirishani niangalie magari ya watu yakioga." Nguruwe ndio waliomlisha tangu alipofiwa na mumewe, na ndio aliozungumza nao asubuhi.

"Pole sana, shangazi," Kalamu akasema. "Una ndoo yenye kifuniko?"

Ndani ya ndoo alimimina maziwa yaliyoganda yaliyobaki jikoni, maji ya pumba na sukari kidogo, akafunika, akaiweka karibu na jiko. Baada ya muda ndoo ikaanza kunong'ona yenyewe na kutoa harufu ya kumkalisha mtu chini.

"Ni nini hicho?" shangazi akauliza.

"Sayansi."

Akaazima koti jeupe kwa muuza nyama, na alipoulizwa juu ya madoa ya damu kwenye mkono, alijibu kwa unyenyekevu kwamba ni mambo ya upasuaji. Alipokuwa akijaza chupa juu ya ukuta wa banda, mkono ukateleza na dawa ikamwagikia kwenye hori. Wale wagonjwa wakairamba yote. Kalamu akalaani hasara yake, akaendelea kubandika lebo.

Kesho yake shangazi aliingia bandani akakuta kinyesi kigumu. Akakitazama kwa furaha ya bibi anayemtazama mjukuu wake akihitimu. Akawaongezea dawa kwa siri, kikombe hapa, kikombe pale, mpaka mikia ikakauka na makelele ya njaa yakarudi. Je, alimwambia mtoto wa kaka yake? Thubutu. Alimjua tangu anatambaa: mwambie kitu chake ni cha kweli, atakiharibu siku hiyohiyo. Yeye Kalamu hakuchungulia tena bandani, kwa kuwa alikuwa na viatu vizuri.

Mteja wa kwanza alikuwa yule mstaafu, ambaye Kalamu alimfuata hadi barazani kwake.

"Chupa moja ina bakteria wangapi?" mstaafu akauliza.

"Mabilioni, mzee. Na siku za joto wanazaana, kwa hiyo nyongeza unapata bure."

Mstaafu akaisogeza chupa karibu na jicho.

"Usiwakodolee hivyo, mzee wangu. Wanaona haya, wanaacha kazi."

Mstaafu akawaomba radhi. Kisha akainama, akapunguza sauti. "Jirani yangu amenunua?"

"Ameagiza nyingi."

"Basi mimi nipe zaidi yake. Na yeye umpunguzie."

"Maadili ya udaktari hayaruhusu," Kalamu akasema, akashusha pumzi nzito. "Ila kwa ada ndogo huwa yanaruhusu."

Akalipwa ada. Kwa jirani nako akatoa hotuba ileile, akalipwa ada ileile. Muda si mrefu mtaa mzima wa wafugaji ulikuwa unanunua, kila mmoja akimficha mwenzake, na mfuko wa Kalamu ukavimba. Mpango wake ulikuwa kuingia mitini kabla matumbo ya nguruwe hayajamuumbua.

Alikuwa chumba cha nyuma kwa shangazi akikunja nguo zake aliposikia vishindo barabarani. Akachungulia. Mstaafu alikuwa mbele, na nyuma yake wafugaji wote, kila mmoja ameshika ubao mpana kwa mikono miwili.

"Daktari!" walipaza sauti. "Yuko wapi daktari?"

Sasa, yeyote aliyewahi kufuga anajua kwamba nguruwe haburutwi kwa kamba. Unamfuata na ubao ubavuni. Yeye anadhani ni ukuta, anageuka unakotaka wewe. Watu wale walikuwa wanamletea daktari wao nguruwe mnono wa shukrani, na mbao zilikuwa za kumwongozea tu. Lakini nguruwe mwenyewe alikuwa amezibwa na miguu yao, na Kalamu, daktari bingwa wa nguruwe, hakuwahi kumhamisha nguruwe hata hatua moja. Aliziona mbao na mgongo ukaanza kumuuma.

"Shangazi, nimekwisha!"

Shangazi naye akachungulia. Akaona mbao, akaona sikio la nguruwe katikati ya suruali, akaona tabasamu la mstaafu. Akageuka na uso wa msibani.

"Mwanangu, wamekuja na mbao."

"Naziona!"

"Nene."

"Nifiche, shangazi!"

"Nikufiche wapi, na nyumba wataipekua? Pita bandani, uingie kwenye mfereji wa mavi, utatokea bondeni." Kalamu akanyakua mfuko wa fedha. "Na huo unaupeleka wapi? Wakikushika nao, ushahidi si ndio huo?"

Kalamu akamsukumia mfuko kama kaa la moto.

"Na ndoo je?" shangazi akaendelea, amesimama mlangoni. "Wewe utakimbia, mimi nitabaki nayo. Niambie umeweka nini, nijue namna ya kuimwaga isiniunguze."

Na Kalamu, ambaye hakuwahi kusema ukweli wa namna ile hata mbele ya hakimu, akamweleza yote: maziwa kiasi gani, pumba kiasi gani, ndoo ikae karibu na jiko lakini si juu yake, na ya zamani ibakizwe kidogo ya kuanzishia mpya. Shangazi akamrudisha kwenye kipimo cha sukari ili asikose. Kisha akampisha.

Kalamu akaingia mferejini kichwa kwanza, na viatu vyake vizuri. Shangazi alingoja mpaka nyayo zikapotea, akajifuta mikono, akafungua lango.

"Daktari yuko wapi?" mstaafu akauliza, machozi yanamlengalenga. "Wangu wamepona wote!"

"Amekwenda kusoma zaidi. Dawa ameniachia mimi. Chovyeni viatu hapo kwenye maji ya kuua vijidudu, msiniletee magonjwa bandani, halafu mpange mstari."

Siku hizi Kalamu anaishi mji mwingine na amerudia viwanja. Kila mwisho wa mwezi humtumia shangazi yake kitu kidogo ili asimtaje, kisha humpigia simu kwa kunong'ona.

"Shangazi, wamesahau?"

Shangazi huwa amekaa mbele ya banda jipya, foleni ya wateja imefika barabarani.

"Wasahau wapi, mwanangu! Hakuna siku wasiyokuulizia. Wanasema wakikutia mkononi tu, hawakuachii."

"Mbao bado wanazo?"

"Kila mmoja na wake."

Kalamu humshukuru mpaka sauti ikatetemeka, na mwezi unaofuata humwongezea.