Matofali Matano Chini ya Tangi

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe anakuja Jumamosi! Mke wangu amesema mama yake akioga tena kwa kikombe, wataondoka wote wawili. Maji ya mtaa hayarudi hadi Jumatatu. Nimepanda paani kukagua. Tangi letu, nusu. La Fundi Cherehani wa ghorofa ya pili, robo, lakini pana kama chumba, na anaishi peke yake! Hata hivyo langu ndilo lililosimama juu kuliko yote. Nimelipandisha kwa matofali matano. Heshima si kitu kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Nimenunua mpira wa maji. Muuzaji kauliza wa nini. Nimesema wa bustani. Kauliza bustani gani, ghorofa ya nne. Watu wana maswali.

Alhamisi, 6 Machi
Saa sita mchana, fundi yuko kazini. Nimeunganisha chini ya tangi lake na chini ya langu, nikafungua koki zote mbili. Mpira ukatetemeka. Maji yanatembea! Nimeufunika kwa gunia na kushuka nikipiga mluzi. Mama mkwe aje na taulo kubwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekutana na fundi bomba kwenye ngazi. Nikamuuliza kwa mbali. Kasema maji hayapandi mlima. Nimemwachia elimu yake. Fundi Cherehani anafua mapazia tangu asubuhi, anaimba. Maskini, hajui kinachomsubiri.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kafika. Nimemfungulia bomba la bafuni mwenyewe, kwa mbwembwe. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Mke wangu akashusha begi kutoka juu ya kabati.

Mlango ukagongwa. Fundi Cherehani, na ndoo mbili! Eti tangi lake limebarikiwa wiki hii, na jirani ni jirani. Mama mkwe kaoga, katoka anang'aa, akauliza kama kijana yule ameoa. Mke wangu ameliweka begi nyuma ya mlango. Hajalirudisha kabatini. Nimeumia sana.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe ameongeza siku tatu. Bado nina nafasi! Nimekaa paani nikafikiri kwa utulivu, na kosa nimeliona. Matofali matano yalikuwa machache. Nimeongeza mengine matano. Mpira uko palepale chini ya gunia, koki wazi. Kesho maji yanarudi, na safari hii mama mkwe atanitambua.

Fundi Cherehani ndiye aliyenisaidia kulinyanyua tangi. Mtu mwema. Karibu nimwonee huruma.