Kiswahili cha Ofisini Kwenda cha Nyumbani

Tangazo lilitoka kwenye vipaza sauti vyote vya uwanja wa maonesho ya biashara, Geita: kuanzia asubuhi hiyo, huduma za tafsiri zitatolewa kwa mujibu wa Mwongozo. Wananchi wakapiga makofi, kwa kuwa mshereheshaji aliwaambia wapige.

Mwongozo wenyewe ulitungwa na Bwana Ngassa, Kaimu Mratibu wa Maelewano. Alianza kukaimu kitinda mimba wake akitambaa. Sasa huyo mtoto anaota ndevu. Lakini leo mgeni rasmi alikuwa bosi wa bosi wake, na neno lake moja tu lingeling'oa hilo "Kaimu" kama jino bovu. Ngassa alikuwa amepiga suti yake pasi ya mkaa mwenyewe, maana mkewe alishachoka kuinyoosha kila mwaka kwa ajili ya siku hiyohiyo.

Akafika kwenye banda la Bernadina wa Mwadui, mwenye kampuni ya tafsiri. Mezani palikuwa na kitambaa cha kufuma, chupa ya chai, spika kubwa na bango: KICHINA, KIINGEREZA, KISUKUMA.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kichina na Kiingereza vinatoka nje. Kibali cha kuingiza unacho?"

"Kwani lugha nazo zinapita forodhani, baba?"

"Usinihoji. Na Kisukuma ni cha nyumbani. Vya nyumbani viacheni nyumbani."

"Haya. Sasa nitafsiri nini?"

Ngassa akafikiri kitaalamu, kidole shavuni. "Kiswahili."

"Kwenda?"

"Kiswahili. Na mgeni rasmi akihutubia, tafsiri papo hapo, kila neno, kwa spika. Tuonekane tuna huduma."

Bernadina akageuza bango, akachukua kalamu nene, akaandika nyuma yake: KISWAHILI CHA OFISINI KWENDA CHA NYUMBANI. Ngassa akaridhika. Ofisi imetangulia.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Mihayo, mfugaji wa Samuye. "Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "wameniambia lambo letu la kunyweshea ng'ombe litazingatiwa kwenye bajeti ijayo."

"Ng'ombe uza mapema, mama."

Akafuata Mwita, mchimbaji wa Rwamgasa, nywele nyeupe kwa vumbi la mawe yaliyosagwa. "Mimi suala la duara letu, shimo la dhahabu, limepelekwa ngazi za juu."

"Aliyekujibu hataki kukuona tena."

"Hapo sasa nimeelewa!" Mwita akacheka, akaenda kuwaita wenzake. Foleni ikazunguka mpaka banda la mbolea. Ngassa akaitazama kwa furaha. Kwake foleni ilikuwa ushahidi wa maendeleo.

Mgeni rasmi akapanda jukwaani. "Itifaki imezingatiwa."

"Majina yenu nimeyasahau," ikasema spika ya Bernadina.

"Nimefarijika mno kuwa nanyi."

"Dereva asizime gari."

"Changamoto ya maji tunaitambua."

"Tumeyaona hayo matope, tulifunga vioo."

Uwanja ukaangua kicheko. Ngassa akaitazama swichi ya spika. Akiizima spika, amekiri kwamba Mwongozo una kasoro, na kaimu mwenye kasoro huzeeka kaimu. Basi akapiga makofi, peke yake, kwa nguvu. Mgeni rasmi akamwona.

"Na huyu Ngassa," akasema, "utumishi wake tunauthamini. Suala lake liko hatua za mwisho."

Ngassa akasimama, akafunga kifungo cha koti. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kila mwaka, na kila mwaka yalimtoa machozi. Akaigeukia spika.

Bernadina alikuwa ameweka kipaza sauti mezani, anarekebisha kanga begani, macho chini.

"Kila neno, mayu!" akapaza Mwita. "Si ndiyo Mwongozo?"

Bernadina akakohoa. "Ngassa," spika ikasema polepole, "nafasi ina mtu wangu."



"Huo ni uzushi wenye nia ya kupotosha umma!" akafoka mgeni rasmi.

"Nani kawaambia?" ikatafsiri spika.

Mgeni rasmi akaitazama spika, akakunja hotuba yake. Akashuka jukwaani bila kuaga, na kweli gari lilikuwa linanguruma.

Ngassa akavua kitambulisho chake shingoni, akakitia mfukoni, akaenda kusimama nyuma kabisa ya foleni. Mama Mihayo, aliyekuwa amerudi kuuliza habari za chanjo, akamsogezea kivuli cha mwavuli wake.

"Karibu, bhabha. Wewe nawe umeambiwa yapi mengine?"

"Mengi, mama," akasema Ngassa. "Mimi nina ya miaka yote."